Fundo, kivuli na kumbukumbu: michezo mitatu ya kikosi cha skauti

Skauti anaweza kukariri majina ya mafundo yote na bado akashindwa kufunga bandeji. Kwa hiyo chemshabongo nzuri ya skauti hujibiwa kwa mikono, na mchezo mzuri ni ule unaofichua kosa mapema.

Anza na fundo la kufungia bandeji. Wape kila wawili kamba mbili za katani zenye unene wa milimita 6 hadi 8, kila moja mita moja na nusu, za rangi tofauti. Nailoni inateleza, itawachanganya wanaoanza. Ncha ya kulia inapita juu ya ile ya kushoto na kuzungushwa chini yake. Kisha ncha hiyohiyo, ambayo sasa iko kushoto, inapita tena juu ya mwenzake. Kosa la kawaida ni kurudia kulia juu ya kushoto mara zote mbili. Litambue hivi: fundo sahihi limelala bapa, na kila ncha inatoka sambamba na kamba yake. Likiwa na kosa, ncha zinachomoza pembeni kama msalaba, nalo huteleza au hukaza vibaya.

Sasa mbio za kupokezana. Timu mbili za watu sita, kamba ziko umbali wa mita 10. Kila mmoja anakimbia, anafunga kamba kwenye muundi wa mwenzake, si mezani, kwa sababu jeraha halikai mezani. Mwamuzi anakagua ncha. Fundo sahihi pointi tano, wa kwanza kumaliza pointi moja tu. Ukiipa kasi pointi nyingi, utavuna mafundo mabovu. Waambie pia kwamba fundo hili si la kubebea uzito wa mtu, kamwe.

Mchezo wa Kim, jina la mvulana katika riwaya ya Rudyard Kipling, ni wa kumbukumbu. Tandaza vitu 15 juu ya kanga, kwa mfano ufunguo, kokwa la embe, kifuniko cha soda, kombe, jani la mkorosho, sindano. Dakika moja ya kutazama, kisha funika, na kila mmoja aandike kimya. Wakiropoka, mwenye sauti kubwa atawajibia wote. “Kifuniko” kina pointi moja. “Kifuniko chekundu kilichopinda upande” kina mbili. Anayesahau sana kwa kawaida anatazama huku na huko. Mfundishe kupitia safu kwa safu, kushoto kwenda kulia, kama anayesoma. Raundi ya pili ondoa kitu kimoja na kugeuza kingine.

Mchezo wa dira ya kivuli ndio unaohitaji uangalifu zaidi kwetu. Simika fimbo ya mita moja wima kwenye ardhi tambarare, weka kijiwe penye ncha ya kivuli, ngoja dakika 20, weka kijiwe cha pili. Mstari kutoka cha kwanza hadi cha pili unaelekea mashariki. Fanyeni kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri; jua likiwa chini sana mstari hupinda. Fimbo ikiinama au kuchezewa katikati ya muda, anzeni upya. Wakati wa kungoja, kila timu ichore chini mshale wa kukisia mashariki, kisha mlinganishe na dira halisi: anayekaribia zaidi anashinda.

Msitumie ile mbinu ya kuelekeza mshale wa saa kwenye jua. Imetungwa kwa nchi za mbali na ikweta. Huku kwetu jua la mchana hupita karibu na utosi, na upande linakoegemea hubadilika kwa miezi. Hapo ndipo penye swali zuri la chemshabongo: saa sita mchana mwezi Juni jijini Nairobi, kivuli cha fimbo kinaelekea wapi? Kusini. Na Desemba? Kaskazini. Asiyeamini asimike fimbo.