Kuunganisha kitengeneza barafu cha friji na maji ya nyumbani

Kabla hujanunua hata nati moja, jua presha ya maji yako. Friji nyingi za aina hii zinataka maji yaingie kwa bari 1.4 (psi 20) au zaidi. Kiwango kamili kimeandikwa kwenye kijitabu chake. Maji ya tangi hupata bari 0.1 tu kwa kila mita ya kimo, kwa hiyo tangi lililo mita 4 juu ya friji linatoa bari 0.4. Haitoshi.

Presha ndogo haiishii kwenye vipande vidogo vya barafu vyenye uwazi katikati. Valvu ya umeme nyuma ya friji hutegemea presha ya maji yenyewe ili ijibane inapofunga. Presha ikiwa hafifu, valvu inabaki ikidondosha, matone yanaganda ndani ya mrija wa kujazia, na barafu yote inashikana bonge. Watu hubadilisha valvu nzima bure wakati ubovu uko kwenye kimo cha tangi. Dawa yake ni pampu ya presha. Chagua yenye swichi ya presha na mtungi wake mdogo, kwani zile zinazoamshwa na mtiririko mara nyingi hazihisi maji machache yanayopita kwenye mrija wa robo inchi.

Maji yachukue kwenye bomba la baridi chini ya sinki. Funga maji, weka tii (kiungo cha njia tatu) ya nusu inchi, kisha koki ndogo yenye mdomo wa robo inchi. Utepe wa tefloni uzungushwe kwenye nyuzi za tii na koki tu; viungo vyenye washa ya mpira au vya kuchomeka havihitaji. Epuka koki za kubana zinazotoboa bomba kwa sindano: huziba upesi na kuvuja baadaye.

Kata mrija kwa wembe mkali, sawasawa, usiwe mshazari. Ncha iliyokatwa vibaya ndiyo chanzo kikubwa cha kuvuja kwenye viungo vya kuchomeka. Sukuma mpaka ugote, halafu uvute kidogo kuhakikisha umeshika. Nyuma ya friji acha mzunguko wa kama mita 2, ili uweze kuivuta bila kukunja mrija.

Kabla ya kuunga upande wa friji, elekeza mrija kwenye ndoo na ufungue koki kwa dakika chache mpaka maji yatoke safi. Ukiruka hatua hii, mchanga na, kama umeweka filta ya kaboni kwenye mrija, vumbi lake likiwa jipya, vitaenda moja kwa moja kwenye chujio la valvu. Kisha unga, fungua maji, kagua kila kiungo kwa karatasi kavu, na urudie kesho yake. Barafu ya kwanza huweza kuchukua saa 24. Mwaga mikupuo mitatu ya mwanzo.

Hili lizingatiwe sana: kuganda hakuui vijidudu, na filta ya kaboni hupunguza klorini na harufu, haiondoi chumvi ya kisima. Kama nyumbani mnachemsha maji ya kunywa, usiunge friji na bomba hilo hilo. Chukua maji kutoka kwenye mtambo unaosafisha mpaka kiwango cha kunywa, ukihakikisha presha baada ya mtambo bado inafika ile inayotakiwa. Filta ibadilishwe kila miezi 6, mapema zaidi maji yakiwa na tope. Mkisafiri, zima kitengeneza barafu na funga koki chini ya sinki.