Mgeni wa familia kafika Dar, siku ya kwanza mpeleke wapi
Kama rafiki wa mzee kaja toka nje na Dar haijui, usimkimbize moli, anzeni Posta asubuhi jua halijawa kali. Pandeni mwendokasi mpaka Kivukoni, mkishuka ingieni soko la samaki Feri aone mnada, changu na pweza wamepangwa mezani watu wanapandishiana bei, ila mwambie anko avae viatu vya kufunika maana chini ni maji tupu. Kisha sanamu ya Askari, ipo tangu 1927, na Makumbusho ya Taifa. Mchana muache alale kidogo jamani, safari inachosha. Jioni pandeni pantoni kwenda Kigamboni, simameni juu auone mji vizuri, mkivuka tafuteni mihogo ya kukaanga na madafu. Simu aweke mfuko wa mbele.