Jinsi ya kutunza mawasiliano ya sabstesheni: anza na betri

Mitambo ya mawasiliano ya kampuni ya umeme, ile iliyo kwenye sabstesheni (kituo cha kupozea umeme), huonekana kazi yake siku umeme unapopotea. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima ilizima. Usiku kama huo, mwendeshaji aliye kwenye kituo cha udhibiti lazima aongee na mwenzake wa Embakasi, na wa mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, na wale wa mabwawa ya Tana, ili mashine ziwashwe na njia za umeme zirudishwe moja moja kwa mpangilio. Mitandao ya simu za mkononi huenda imelemewa. Kinachobaki ni faiba yetu (nyuzi za kioo zinazobeba mwanga), redio zetu, na mawimbi tunayopitisha juu ya nyaya zenyewe za umeme. Wewe fundi unayeanza kazi hii Nairobi, tunza kila kifaa kwa ajili ya usiku huo.

Ndiyo maana nakuanzisha na betri, ingawa najua ulitaka kuanza na mashine zenye taa za kumetameta.

Vifaa vyetu vingi hutumia volti 48 za DC, yaani umeme usiobadili mwelekeo, na upande wa chanya ndio uliounganishwa na ardhi. Usishtuke mita ikisoma hasi. Imepangwa hivyo makusudi ili shaba isiliwe na kutu. Betri zenyewe huwa seli 24 za volti mbili mbili. Chaja ikiwa inafanya kazi, kila seli hukaa karibu na volti 2.25, jumla ikawa 54. Hapo ndipo mafundi wengi hudanganywa. Wanapima ncha mbili za mwisho, wanaona 54, wanaandika "sawa" kwenye daftari, wanaondoka. Chaja ndiyo iliyosoma 54. Betri bado hujaiuliza chochote.

Iulize hivi. Kwanza mjulishe mwendeshaji wa udhibiti, na kama kuna mabanki (makundi) mawili ya betri, gusa moja tu. Vua pete na saa. Tumia spana iliyofungwa plastiki, maana spana tupu ikiangukia ncha mbili itayeyuka mkononi mwako. Tenga banki hiyo na chaja, uitwike mzigo wa kutumia umeme wake. Baada ya nusu saa anza kupima seli moja moja, kwa mpangilio, huku ukiandika. Utaona 2.03, 2.02, 2.03, 2.02, halafu ghafla 1.74. Huyo ndiye mgonjwa wako, na wakati chaja inafanya kazi alikuwa anasoma 2.25 kama ndugu zake. Pima pia vile vipande vya shaba vinavyounganisha seli na seli, kwa milivolti. Kipande kinachosoma juu kuliko wenzake kina kutu au nati iliyolegea. Endelea mpaka jumla ishuke karibu na volti 43.2, yaani 1.8 kwa seli, au kiwango alichoandika mtengenezaji, kisha simamisha na urudishe chaja.

Hesabu ya saa ifanye kwa uaminifu. Betri ya ampia-saa 200 inayolisha ampia 12 kwenye karatasi inakupa saa 16 na zaidi. Ikishuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake, una saa 13 tu, na kwa desturi ya kazi hapo ndipo inapobadilishwa. Joto nalo linaila: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake karibu nusu. Baridi ya Nairobi inatusaidia, lakini kontena la mabati lenye feni iliyokufa halijui kama liko Nairobi.

Sasa twende nje, uani, kwenye lile boksi la chuma lililo chini ya kapasita ndefu ya kaure. Hapa naomba unisome polepole.

Waya wa kilovolti 132 unaweza kubeba sauti na amri za rilei (vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru njia ikatwe) kwa mawimbi ya kati ya kilohezi 40 na 500. Koili kubwa iliyowekwa mwisho wa njia huzuia mawimbi hayo yasipotelee ndani ya kituo. Kapasita huyashusha hadi kwenye boksi, na ndani ya boksi koili ndogo hupeleka umeme wa hezi 50 ardhini. Kutoka waya mmoja hadi ardhini kuna kilovolti 76. Kapasita ya nanofaradi 5 hapo itapitisha kama miliampia 120, na hizo zinatosha kuua mtu. Zinapokuwa na njia ya ardhi, boksi ni tulivu. Ukifungua ile nati ya ardhi, njia inayobaki ni mwili wako.

Kwa hiyo mpangilio hauna njia ya mkato. Pata kibali cha kazi. Mwombe mwendeshaji aondoe kiungo hicho cha mawasiliano kwenye ulinzi wa njia, kwa sababu ukikikata kimya kimya, rilei za pande mbili hazitaelewana. Funga swichi ya ardhi iliyo kwenye boksi. Itazame kwa macho kwamba imeshika, pima, ndipo uguse. Ukimaliza, swichi hiyo ifunguliwe mwisho kabisa, baada ya kila waya kurudi mahali pake. Na usijaribu amri ya kukata njia kabla ya kutenga waya unaopeleka amri kwenye breka (swichi kubwa inayokata njia): jaribio lako laweza kutia mtaa mzima gizani.

Faiba hupita ndani ya waya wa ardhi ulio juu kabisa ya minara. Alamu ikilia, safisha kwanza ncha za viunganishi, kwa kuwa uchafu husumbua mara nyingi kuliko kebo. Usichungulie ncha hata siku moja. Mwanga wake hauonekani na jicho halitakuonya. Kisha pima kwa OTDR, kifaa kinachotuma mwanga ndani ya faiba kupima hasara na umbali, kwenye mawimbi ya nanomita 1310 na 1550. Hasara ya mwanga ikiwa kubwa zaidi kwenye 1550, tafuta faiba iliyopindwa. Mashine ikikwambia hitilafu iko kilomita 18.4, hizo ni kilomita za faiba, pamoja na ile iliyokunjwa kwenye kila boksi la maungio. Mnara unaoutafuta uko karibu zaidi, na timu ya njia isipoambiwa hivyo itapanda mnara usio wenyewe. Pima kutoka pande zote mbili.

Tena, dai njia mbili za mawasiliano zisizotumia minara ileile. Januari 2022 minara ya njia ya Kiambere kwenda Embakasi ilianguka hapahapa Nairobi, na nchi ikakosa umeme. Mnara ukilala, faiba iliyo juu yake hulala nao.

Redio sitakaa nayo sana. Kabla ya masika, kagua viunganishi vya antena na uache kebo ining'inie kidogo chini ya kiungo ili maji yadondoke yasiingie ndani. Pima nguvu inayorudi kutoka antena, uilinganishe na ya mwaka uliopita. Masafa unayotumia ni yale tu yaliyo kwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Kwa masomo, diploma ya umeme na elektroniki inatosha kukuingiza, iwe ya chuo cha Kabete au kwingineko, na jina lako lisajiliwe KETRB, bodi inayosajili mafundi wa uhandisi. Mengine utayapata kwa kuandamana na fundi mzee na kumwuliza "kwa nini?" bila kuchoka.

Siku ya kazi ikiisha, andika tarakimu za kila seli na kila kiungo, si neno "sawa". Mpigie mwendeshaji akusomee alamu zilizobaki kwenye skrini yake. Ajaribu simu, atume amri ya majaribio, aangalie vipimo vya SCADA (mfumo wa kusoma na kuendesha vituo kwa mbali) vinasogea. Kibali kirudishe akishathibitisha kwamba upande wa pili nao umepokea.