Kuonana na msanii nyuma ya jukwaa: kwa wa Mtwara na Lindi

Wengi wanaomkosa msanii pale Uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, huanza kutafuta njia wakati wimbo wa mwisho unapigwa. Saa hiyo gari limeshageuzwa na dereva yuko kwenye usukani. Msanii wa bongo fleva anayeimba na DJ hana cha kufungasha: anashuka ngazi, anapewa taulo na maji, anaingia garini, kwaheri. Walinzi wake hawataki umati uzunguke nyuma kabla hajatoka.

Bendi ya dansi au kundi la taarabu ni habari nyingine. Magitaa yanarudishwa kwenye maboksi, nyaya zinakunjwa, waimbaji wanakaa kusubiri basi, na saa nzima inaweza kupita. Tena taarabu ina mlango wake halali: kutunza, yaani kumpa mwimbaji noti pale pale jukwaani. Panda na noti kumi za 1,000 badala ya moja ya 10,000, maana unamtunza moja moja na unapata muda wa kuonekana sura. Mwambie kwa kifupi, "Dada, mkimaliza nitakuja kukusalimia," kisha shuka. Usimshike mkono wa maiki.

Kwa shoo kubwa, kazi inaanza wiki moja kabla. Ziara nyingi hushuka kusini msimu wa korosho, wakulima wakiwa wamelipwa. Wasafi Festival ya 2018 ilianzia Mtwara mwezi Novemba. Bango likitoka, tazama namba ya tiketi za VIP na meza. Hiyo ndiyo njia ya kumfikia promota. Baunsa wa mlangoni hafai kuombwa, kwa kuwa amepewa amri moja tu, ya kuzuia, na akikuonea huruma anahatarisha kibarua chake. Mwenye uwezo wa kusema "mwacheni apite" ni promota au meneja wa msanii. Tuma ujumbe wa namna hii:

"Habari za kazi kaka. Niko Mtwara, nimelipia VIP mbili. Naomba dakika mbili za kumsalimia msanii na picha moja, kabla au baada ya shoo, muda mtakaoona unafaa. Tutakuwa wawili tu."

Idadi ya watu na dakika ndizo zinazompa moyo wa kukubali. Ukiandika "mimi na washkaji", hujibiwi. Ukikubaliwa, omba jina lako liwekwe kwenye orodha ya mlango wa nyuma na uulize jina la atakayekuwa ameshika orodha hiyo. Usinunue pasi kwa mtu wa getini; hata ikiwa halisi, jina lisipokuwa kwenye orodha utarudishwa, na hela haitarudi.

Kuna mwanya mwingine unaosahaulika: mchana wa siku ya shoo. Wasanii wengi hupita redioni kuhojiwa, kwenye vituo kama Safari FM ya Mtwara au Mashujaa FM ya Lindi, na pale nje hakuna umati wa usiku. Alasiri kuna kupima vyombo, yaani kujaribu sauti za maiki na spika kabla ya shoo. Nyota mkubwa huweza kumtuma DJ wake tu, lakini waimbaji wa bendi huwa wapo wote, hawajachoka, na hawana haraka.

Baada ya shoo, kama umeruhusiwa kuingia, usimvamie anaposhuka. Mpe dakika 15 hadi 20 avute pumzi na abadili shati. Simama pembeni ya njia, mahali meneja anakuona, mbali na mlango wa gari. Masikio yake bado yanavuma kwa spika za jukwaani, kwa hiyo sogea upande mmoja na useme sentensi fupi, taratibu. Salamu kwanza: kwa mkongwe ni shikamoo, hata kama wewe ni shabiki uliyelipa. Kisha taja wimbo mmoja na ulichokipenda ndani yake. "Nakukubali sana" ameisikia usiku kucha. Usimwombe aimbe kipande wala arekodi salamu za sauti kwa shangazi yako, koo limechoka.

Picha huharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kupiga huku taa za jukwaa ziko nyuma yenu, nyuso zinatoka nyeusi. Geukeni ili mwanga uwapige usoni. Ya pili ni flashi kwenye uso wenye jasho. Futa kioo cha kamera kwanza, joto na vumbi la uwanjani hukifanya kipige ukungu. Simu mpe mtu mwingine ikiwa kamera imeshafunguliwa, apige tatu mfululizo.

Kalamu ya kawaida haiandiki kwenye fulana. Beba maka peni mbili, nyeusi na ya rangi ya fedha kwa kitambaa cheusi, na kipande cha kadibodi cha kuingiza ndani ya fulana ili wino usipenye mgongoni. Kwenye karatasi inayong'aa, acha wino ukauke kabla ya kukunja.

Zawadi iwe ndogo: korosho nusu kilo zilizofungwa kiwandani, au kinyago cha Kimakonde cha kutosha kiganjani. Chakula ulichopika mwenyewe meneja atakipokea kwa adabu, na hakitaliwa.

Akitokea mtu anakwambia "twende hotelini utamkuta chumbani", kataa, hasa kama uko peke yako au umefuatana na mtoto. Msanii anayetaka kuonana na mashabiki hufanya hivyo uwanjani au mapokezi.

Ukimkosa Mtwara, tazama ratiba. Kama usiku unaofuata yuko Uwanja wa Ilulu, Lindi ni kama kilomita 100 kupitia Mingoyo. Panda gari la asubuhi, ukampate wakati wa kupima vyombo.