Ukungu kwenye boksi la tarantula: soma hapa kabla hujauliza

Assalaam alaykum. Kila masika naulizwa lile lile: boksi la tarantula, yule buibui mkubwa wa kufuga, limeota ukungu, yaani koga, nifanyeje? Basi leo naliandika lote. Ukungu kidogo haumuui buibui mwenye afya. Unakwambia boksi limelowa na hewa haipiti, kwa hiyo ondosha unyevu kwanza.

1. Mfunike buibui kwa kopo pana, pitisha kadi ngumu chini, mtoe. Usimshike. Hawa wa Afrika hawana manyoya ya kuwasha kama wale wa Amerika. Huuma, na wana mbio.

2. Toa mabaki ya mende na kile kidonge anachokiacha baada ya kula. Ukungu huanzia hapo.

3. Chota udongo ulioota, na wa pembeni yake.

4. Mahali pa udongo uliotoa weka usumba mpya, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Usumba wa kusokotea kamba hutokana na makumbi yaliyofukiwa pwani miezi kadhaa, umejaa chumvi, usiutumie. Tafuta makumbi makavu ambayo hayajafukiwa, yachambue, yaloweke kwa maji matamu, kisha yakamue kwa ngumi mpaka lisitoke hata tone. Yaanike juani, uyatie yakiwa yanachambukachambuka mkononi. Kwa yule wa rangi ya chungwa wa Usambara yakauke kabisa; yeye kisosi cha maji kinamtosha. Msihangaike kukaanga udongo kwenye karai, mbegu za ukungu zimo hewani, zitarudi. Na tafadhali, dawa ya mbu isipulizwe hata chumbani mwake!

5. Toboa matundu kwa msumari wa moto kabla hujamrudisha: upande mmoja chini, wa pili juu, hewa ipite. Yawe madogo kuliko kifua chake.

MASWALI

Wa Fuoni: Kaka, langu limeota koga nikapuliza dawa ya mbu. Sasa anatetemeka, nimpe nini?

Jibu: Nimeandika isipulizwe. Hakuna cha kumpa. Boksi safi, hewa, maji, sasa hivi.

Wa Wete: Kifuu kinafaa kuwa pango lake?

Jibu: Kinafaa sana. Kikwangue mpaka nazi yote iishe, kichemshe, kianike. Nazi iliyobaki ndani ndiyo inayoota.

Wa Jambiani: Naona vidudu vyeupe vinarukaruka kwenye udongo. Ndivyo vinavyoleta ukungu?

Jibu: Umetazama vizuri, dada. Hivyo vinaula ukungu, viache. Utapata vingine chini ya majani yaliyooza mgombani, ila kwenye boksi kavu havikai. Visivyoruka, vikajazana kwenye mabaki ya chakula au viungo vya buibui, hao ni utitiri: safisha boksi zima.

Wa Fuoni: Wa pili naye kalala chali. Nimpindue?

Jibu: Usimguse! Anajivua ngozi. Toa mende aliye hai humo, atamtafuna angali laini. Ukungu utausafisha meno yake yakishakuwa meusi tena.