SOMO: Kusoma piti na matokeo ya Formula 1, ili Jumapili uniache nitazame

Naandika mara moja tu. Kila Jumapili ya mbio za Ulaya, saa kumi jioni, kwenye kibanda umiza chetu hapa Mwanga, Kigoma, swali ni lile lile: "Fundi, huyu si ndiye aliyekuwa anaongoza? Mbona sasa wa saba?" Nikianza kujibu, watatu wanadakia, mmoja anadai turudishiwe mpira, na mimi nimeshakosa raundi mbili, yaani mizunguko miwili ya uwanja. Mimi naziba pancha na kufunga tairi, sijasomea uchambuzi. Ila mbio hizi zinaamuliwa na tairi, na tairi ndiyo kazi yangu. Piti ni pale pembeni ya uwanja gari linapoingia kubadilishwa tairi.

Uwe na daftari na kalamu. Simu yako iache mfukoni.

Hatua ya 1. Rangi: nyekundu laini, njano ya kati, nyeupe ngumu, kijani ya mvua kidogo, bluu ya mvua kubwa.

Hatua ya 2. Hawajazi mafuta katikati ya mbio. Ni marufuku tangu 2010.

Hatua ya 3. Mbio zikiwa kavu, kila dereva lazima atumie angalau aina mbili za tairi. Maana yake, ambaye hajaingia piti ana deni. Mimi naandika herufi D mbele ya jina lake. Mtu anayeongoza raundi ya 20 akiwa na D hajaongoza kitu, ni kama aliyekaa siti ya mbele ya daladala na bado hajalipa nauli.

Hatua ya 4. Tafuta bei ya piti. Watu wanaona tairi nne zimebadilishwa kwa sekunde mbili na kidogo, wanadhani hasara ni hizo mbili. Rekodi ni sekunde 1.80, timu ya McLaren kwa dereva wao Norris, Qatar 2023, na gurudumu lina nati moja tu katikati (Noah ina tano kwa kila gurudumu, na mteja anataka nimalize kabla hajamaliza soda). Muda hasa unaliwa na njia ya piti, maana humo mwendo una kikomo, kilomita 80 kwa saa viwanja vingi na 60 Monaco, huku wenzako wanakata mbuga. Kupima ni rahisi. Kama A alikuwa sekunde 3 nyuma ya B, akaingia piti, akatoka yuko sekunde 24 nyuma, bei ya siku hiyo ni 21. Iandike juu ya ukurasa, utaitumia mchana kutwa. Viwanja vingi inacheza kwenye 20 na kitu.

Hatua ya 5. Pengo. Hapa nimewahi kuaibika, kwa hiyo tulia usome.

Hungary 2019, raundi 70. Verstappen wa Red Bull anaongoza, Hamilton wa Mercedes yuko mgongoni mwake, wote wameshaingia mara moja, Verstappen raundi ya 25, Hamilton ya 31. Raundi ya 48 Mercedes wanamwita Hamilton tena. Anatoka na tairi za kati mpya, pengo limekuwa kama sekunde 20. Nikasimama kwenye benchi nikatangaza kwamba Mercedes wamejiua, nikaweka kreti ya soda. Mteja akapiga simu, bajaji imelala kwa pancha. Nikaenda kibandani kwangu pa kazi, nikakwangua tyubu, nikapaka gundi, na wakati napuliza gundi ikauke nikasikia kelele kutoka kibanda umiza. Nikajua tu. Raundi ya 67 Hamilton alikuwa amempita.

Kosa langu lilikuwa nini? Niliangalia pengo la mbele nikasahau mambo mawili. La kwanza ni hesabu ya darasa la nne: sekunde 20, raundi kama 20, yaani anatakiwa kula sekunde moja kila raundi, dhidi ya tairi ngumu zilizokuwa uwanjani tangu raundi ya 25. Tairi zilizochoka huwa hazikuagi. Zinakwenda vizuri, vizuri, halafu zinaanguka ghafla, na ndivyo ilivyokuwa kwa Verstappen. La pili, sikuangalia nyuma. Vettel, aliyemaliza wa tatu, alifika zaidi ya dakika nzima baadaye. Hamilton hakuwa na cha kupoteza: akishindwa kumfikia Verstappen, anabaki wa pili vile vile. Piti ile ilikuwa ya bure, na mimi niliweka soda dhidi ya kitu cha bure.

TAHADHARI: usimhukumu aliyeingia piti kabla hujaandika pengo la mbele, pengo la nyuma na raundi zilizobaki. Vyote vitatu.

TAHADHARI nyingine: karatasi ya matokeo inadanganya. Siku ile inaonyesha Hamilton ameshinda kwa sekunde 17 na ushee. Asiyetazama atadhani ilikuwa rahisi. Kumbe Verstappen, baada ya kupitwa, naye alitumia nafasi ya bure, akaingia mwishoni kuvaa laini ili achukue pointi ya raundi yenye kasi zaidi. Akaipata. (Pointi hiyo ilifutwa kuanzia 2025, msiiulize tena.)

Hatua ya 6. Gari la usalama, lile linalotangulia mbele ya wote kukiwa na ajali au hatari uwanjani, likitoka, wote wanatembea polepole wamefuatana, kwa hiyo bei ya piti inashuka sana. Futa ile namba ya juu ya ukurasa.

Hatua ya 7. Adhabu ya sekunde 5: gari linasimama piti na hakuna fundi kuligusa mpaka ziishe. Asiporudi tena piti, zinaongezwa kwenye muda wake wa mwisho.

Hatua ya 8. Pointi ni 25, 18, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2, 1. Usidai soda yako mpaka ukaguzi uishe. Ubelgiji 2024 dereva Russell alishinda kwa kuingia piti mara moja tu, wakapima gari wakakuta limepungua kilo 1.5, wakamfuta. Ushindi ukaenda kwa Hamilton.

---

MASWALI

Mgebuka_Mkavu: Fundi asante. Ila sasa wakiingia kujaza mafuta tunajuaje wamejaza kiasi gani?

Fundi: Hatua ya 2.

Mgebuka_Mkavu: Nimeona. Nilirukia ya 5 maana ndiyo ndefu.

mzawa_ujiji: Jumapili nani anashinda? Nipe mmoja wa uhakika nimalizie mkeka.

Fundi: Sitoi mkeka. Ningekuwa na wa uhakika ningekuwa naziba pancha?

Dada_Gungu: Habari za jioni kaka fundi. Nimefuata hatua zako na daftari. Kuna kitu sijaelewa: wawili wamefuatana, wa nyuma anaingia piti kwanza, halafu wa mbele akiingia raundi inayofuata anatoka yuko nyuma. Bei si ni moja kwa wote?

Fundi: Nzuri, dada. Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Bei ni moja, lakini raundi ile moja katikati si sawa. Aliyeingia kwanza anaikimbia kwa tairi mpya, mwenzake anaikimbia kwa zilizochoka. Kama tofauti ni sekunde mbili na pengo lilikuwa moja na nusu, kwisha habari. Wenyewe wanaiita andakati. Ndiyo maana ukiona mafundi wa timu moja wametoka nje na tairi, mtazame wa mbele yake: anaharakishwa na redio. Kuna siku inagoma. Uwanja ambao tairi zinachelewa kupata joto, aliyebadilisha anateleza ile raundi ya kwanza, na aliyebaki nje ndiye anayefaidi. Hiyo wanaita ovakati. Jaribu kuandika muda wa raundi ya kwanza baada ya piti kwa kila mmoja, utaiona mwenyewe kwenye karatasi.

Dada_Gungu: Kumbe! Nitafanya hivyo. Wanafunzi wangu wa hesabu wataipenda.

Kamanda_wa_Reli: Hesabu zako hazina maana. Abu Dhabi 2021 Hamilton alikuwa na pengo zuri tu, akapokonywa ushindi.

Fundi: Kamanda, hatua ya 6 umeisoma? Gari la usalama linafuta pengo, na siku ile lilitoka raundi za mwisho. Hamilton akiingia, Verstappen anabaki nje na kuchukua uongozi. Asipoingia, Verstappen anaingia na kuvaa laini. Kila mlango ulikuwa na nyoka. Mabishano ya siku ile ni ya uamuzi wa kuanzisha tena mbio, na hayo sikuyafundisha hapa.

Kamanda_wa_Reli: Nimeuliza tu, umekuwa mkali.

Fundi: Hukuuliza, ulisema hazina maana.

Tabora_Asali: Salaam kutoka Tabora. Qatar 2025 mbona karibu wote waliingia raundi ya 7 tu, McLaren wakabaki nje?

Fundi: Karibu sana, ndugu. Hiyo ni tamu. Mbio zile kulikuwa na sharti: seti moja ya tairi isizidi raundi 25. Mbio ni raundi 57, kwa hiyo piti mbili hazikwepeki. Gari la usalama likatoka raundi ya 7. Toa 7 kwenye 57 unabaki na 50, gawa kwa mbili: 25 na 25. Yaani piti ya kwanza umeinunua kwa bei ya chini, na zilizobaki zinakaa sawasawa bila kubaki hata raundi moja. McLaren wakabaki nje, wakalazimika kulipa bei kamili mara mbili. Verstappen akashinda, Piastri wa McLaren wa pili, mwenzake Norris wa nne. Nilipoona raundi ya 7 nikapiga hesabu kwenye kiganja, nikamwambia jirani yangu. Safari hii sikuweka soda, ndiyo hasira yangu.

Tabora_Asali: Duh. Kwa hiyo hata timu kubwa zinakosea kutoa na kugawanya.

Fundi: Hesabu waliijua. Waliogopa kutoka piti na kubanwa nyuma ya magari mengine.

mzawa_ujiji: Kifurushi changu hakitoshi kutazama mbio nzima. Kuna njia?

Fundi: Sasa umeuliza vizuri. Fungua ukurasa wa muda wa moja kwa moja, ule wa namba tupu bila picha. Unakula kidogo mno, na pengo zote zipo pale. Mimi hutumia huo umeme ukikatika.

Boda_Kibirizi: Fundi, nje ya mada. Tairi la nyuma la pikipiki yangu linaliwa katikati tu, pembeni jipya. Ni barabara?

Fundi: Ni upepo, umeujaza kupita kiasi, linabeba kwa katikati. Punguza. Na ukipakia magunia ya dagaa usilipulize kwa macho, njoo nipime kwa geji. Usije Jumapili saa kumi.