Daftari la dereva wa lori: kuandika ukaguzi na saa za kazi, na kwenda CMA usipolipwa

Dereva akilalamika kwamba hajalipwa saa za ziada, swali la kwanza anaulizwa: saa zipi, tarehe gani? Hapo wengi hukwama. Takwimu za trakingi, yaani za mtambo unaofuatilia mwendo wa lori, ziko ofisini kwa tajiri (mwajiri wako), risiti za mzani zilikwishakabidhiwa, na kichwani umebaki uchovu tu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye daftari, kwa sababu fomu ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania, inayoshughulikia migogoro ya kazi) bila daftari ni maneno matupu.

Nunua kaunta buku. Andika namba za kurasa kwa mkono kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na usichane hata moja. Tumia kalamu ya wino, na ukikosea piga mstari mmoja ili kilichokosewa kiendelee kusomeka. Daftari lililofutwafutwa linatiliwa shaka upesi kuliko lenye mwandiko mbaya. Kama kampuni ina fomu yake ya ukaguzi, ijaze pia na uipige picha kabla ya kuikabidhi.

Ukaguzi kabla ya kuwasha

Zunguka gari kila asubuhi kwa mpangilio uleule, mfano kuanzia mlango wa dereva kurudi mlango wa dereva: tairi na nati zake, taa, upepo wa breki, kiungo cha tela, springi, turubai na kamba, vioo, kizima moto, pembetatu. Usiandike “gari zima” halafu ukafunga daftari. Hayo hata asiyekagua anaweza kuyaandika. Andika ulichokiona, uliyemwambia, na alichojibu. Kwa mfano:

“Uvinza, 05:10. Tairi la ndani, nyuma kushoto kwenye tela, limechanika ubavuni. Nimemtumia msimamizi picha. Jibu 05:25: nenda nalo, utabadilisha Tabora. Utingo ameona, sahihi yake hii hapa.”

Mistari hiyo ina kazi mbili. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari bovu kutembea barabarani, na trafiki akilisimamisha anayekutwa kwenye usukani ni wewe. Tairi likipasuka kabla ya Nguruka, angalau itajulikana nani aliambiwa na nani aliamua. Maneno hayo hayakupi ruhusa ya kuendesha gari ambalo breki hazishiki. Hilo liache limesimama, na amri ya kuliondoa ijibiwe kwa maandishi.

Kwenye mzani wa TANROADS, pima, kisha nakili uzito na muda ulioandikwa kwenye risiti. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya 2016, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila ekseli ina kikomo chake. Kwa dereva anayedai saa, hata hivyo, risiti hiyo ina thamani nyingine: imechapishwa na mtu asiye na upande, na inaonyesha ulikuwa wapi saa ngapi. Ipige picha palepale, wino wake hufifia.

Saa za kazi

Andika kwa saa zinazotumika kwenye risiti, yaani 05:00 na 17:30, wala si saa 11 na saa 11 na nusu. Risiti ya mafuta ikisema 17:30 na daftari likasema saa 11:30, mwakilishi wa tajiri ataitumia tofauti hiyo kukuchanganya.

Kila siku iwe na mistari ya kuanza kazi, kuendesha, kupakia au kushusha, kusubiri, mapumziko na kumaliza. Usichanganye kusubiri na mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inakupa mapumziko ya dakika 60 ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na mwajiri halazimiki kuyalipia. Lakini ukitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi wakati wa mapumziko hayo, anatakiwa kulipa. Dereva aliyepanga foleni bandarini Kigoma, anasogeza lori mita chache kila baada ya muda na kulinda mzigo wa watu, hajapumzika hata akila wali ndani ya kabini. Andika hivyohivyo: “nasubiri kushusha, nimeambiwa nisiondoke kwenye gari.”

Sheria hiyohiyo inaweka saa za kawaida zisizozidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku sita. Saa za ziada ni za makubaliano, hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne, na siku nzima ya kazi haitakiwi kuvuka saa 12. Kati ya siku moja na nyingine unastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo, na kila wiki saa 24. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Soma mkataba wako kwanza, maana wapo waliosaini wiki iliyobanwa, ambapo siku huweza kufika saa 12 bila malipo ya ziada lakini kwa siku zisizozidi tano.

Kupata thamani ya saa moja, gawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa 45. Mwenye 585,000 anapata kama 3,000 kwa saa, na 4,500 kwa saa ya ziada. Ukianza 05:00, ukapumzika saa moja na kumaliza 18:00, umefanya kazi saa 12. Tatu ni za ziada: 13,500. Na ile saa ya alfajiri inaongeza 150.

Kwenda CMA

Mwezi ukiisha bila malipo, mwandikie tajiri barua fupi yenye tarehe, saa na jumla ya fedha. Ujumbe wa simu nao ni maandishi, usiufute. Asipojibu au akikataa, nenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya mkoa ambako mgogoro ulitokea. Kama tajiri yuko Dar es Salaam na wewe unapakia Tabora, uliza dawati la mapokezi kabla ya kujaza chochote. Huduma ni bure, kwa hiyo anayekudai pesa ya fomu anajitafutia yake.

Utajaza CMA Fomu Na. 1: majina na anwani za pande zote, aina ya mgogoro, tarehe ulipotokea, hatua ulizochukua na unachodai. Sehemu B ni ya waliofukuzwa kazi tu, iache kama bado uko kazini. Saini, mpelekee mwajiri nakala, na upate ushahidi kwamba ameipokea: sahihi, muhuri au stakabadhi ya posta. Bila ushahidi huo fomu haitapokelewa.

Muda ndio unaoua madai mengi. Madai ya malipo ni siku 60 tangu mgogoro utokee, kufukuzwa kazi ni siku 30. Ukichelewa utalazimika kuomba usamehewe kwa fomu nyingine na kueleza sababu, na “nilikuwa safarini” peke yake si sababu nzito. Kwa hiyo usilimbikize madai ya mwaka mzima ukingoja bonasi ya Desemba.

Usiogope kwa sababu huna mkataba wa maandishi. Ukiwa umemfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, sheria inakuhesabu mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Wengi wa deiwaka, yaani vibarua wa siku, wa malori ya tumbaku ya Urambo na Kaliua wanaingia humo bila kujua. Na kuonyesha masharti ya ajira kwa maandishi ni kazi ya mwajiri. Akishindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye.

Usuluhishi una siku 30. Unaweza kwenda mwenyewe, na wakili, na kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mwakilishi uliyemchagua. Beba daftari lenyewe pamoja na nakala, risiti, na karatasi moja yenye hesabu kwa mwezi. Daftari usiliache mikononi mwa mtu, acha nakala. Mkikubaliana, soma kila mstari kabla ya kusaini, hasa tarehe ya kulipwa. Msipokubaliana, shauri linaweza kwenda kwa mwamuzi. Na ukipangiwa safari siku ya kikao, ijulishe Tume kwa barua mapema, kwa sababu mlalamikaji asipotokea, msuluhishi anaweza kulifuta shauri.